Bampa ya Pikipiki ya Loro

Mwaka wa sabini na tano, barabara ya Arua hadi Koboko ikiwa bado vumbi na mawe, palikuwa na benchi mbele ya karakana ya Draku. Kahawa ya tangawizi ya pale ilikuwa kahawa kweli, si maji haya ya rangi tunayouziwa leo. Asubuhi moja Loro alikaa pale, kikombe chake hajakionja. Mwezi uliopita alianguka na pikipiki njia ya Lurujo. Jiwe likapasua injini, oili ikamwagikia kitenge kipya cha Poni, mkewe, aliyekuwa amepanda nyuma. Poni akaenda kwao kwa miguu, akatuma neno: atarudi siku pikipiki itakapoweza kuanguka bila kuvunjika. Sasa Draku alikuwa amemaliza kufunga bampa, bomba la chuma lililokunjwa kuizunguka injini, na Loro alitaka kusikia neno moja tu: inatosha.

— Haitoshi, — akasema Sule, aliyeitwa Sajini ingawa jeshini alikuwa mpishi. — Jiwe ya Lurujo nyinyi hamjui. Funga blanketi ya jeshi juu ya injini, mwagia maji.

— Injini itapata mafua, Sajini, — akasema Draku.

Zéphyrin, mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, akatikisa kichwa.

— Kwetu mutu anafunga gunia ya kahawa huku na huku. Pikipiki ikianguka, injini inalala kama mtoto.

— Na polisi ya mpaka wakiona gunia, si watasema magendo? — akauliza Loro.

— Wewe unalinda injini ama unalinda polisi?

— Weka springi ya lori pande mbili, — Sule akaendelea. — Ukianguka inakurusha juu, unashuka umekaa vizuri, unaenda safari yako. Niliona na macho yangu.

— Uliona ukiwa ndani ya sufuria, — akasema Zéphyrin.

Loro akacheka kidogo. Akakumbuka siku za mwanzo, wakienda soko la Adumi, mikono ya Poni kiunoni mwake, kicheko chake kikimgonga shingoni. Siku hizo hakuna aliyewaza mawe.

— Draku, ndugu yangu, niambie bila kuzunguka. Inatosha?

Draku akainuka. Aliisukuma pikipiki kwa mguu. Ikaanguka kwa kishindo, bampa ikapiga jiwe, injini ikabaki juu, haikuguswa. Loro akainyanyua, akaiwasha, akaisikiliza ikinguruma kama zamani.

Viktoria, muuza nguo wa Arua aliyekuwa akingoja lori, akasogea.

— Bomba nzuri hivi mmetoa wapi? Hata Arua haiko.

— Ya kitanda yangu, — akasema Loro kwa majivuno. — Ile ya harusi. Nililetea Draku yote, kichwa mpaka miguu, ili Poni arudi nyumbani.

Viktoria akaitazama bampa, kisha akamtazama yeye.

— Na mama akirudi leo, atalala wapi?

Draku akainama juu ya spana zake. Sule, bingwa wa majibu, akainua birika, akalikuta tupu. Loro akazima injini.