Tangawizi ya Maman Marie-Jeanne

Katika tramu iendayo stesheni ya Gare du Midi, mbele yangu waliketi wanakwaya wawili: Maman Bibiane, aliyekuwa akikohoa, na Maman Marie-Jeanne, aliyemmiminia tangawizi ya moto kutoka katika chupa. “Weye pia uko na tension ya damu,” alisema Bibiane. “Mbona haukohoe?”

“Docteur alinibadirishia dawa. Ile yetu ya kwanza inazuia enzyme yenye kukazaka mishipa, mais inaletaka kikohozi kikavu.”

“Alikubadirishia wakati gani?”

“Noël, Krismasi iliyopita.”

Bibiane alikishusha kikombe. “Noël! Miye nakohoa, banakupatia solo yangu ya Pasaka, na weye unaniletea tangawizi kila dimanche kwenye misa?”

“Haukuniuliza, maman.”

Ni kweli, hakuulizwa. Ila sijapata kuona mtu aliyenyamaza kwa ukarimu kiasi hicho.

“Bon. Nashuka hapa, naenda kwa docteur.”

“Na répétition ya kwaya?”

“Uimbe ya leo muzuri, dada. Pasaka ingali mbali.”

Tramu ilisimama. Bibiane alimrudishia mwenzake kikombe, akashuka akikohoa, kichwa juu. Marie-Jeanne alibaki na kikombe kilichojaa, akitafuta mahali pa kukimwaga.