Yule Mwanamke wa Wimbo wa Tatu

Fundi cherehani alikuwa ametulia zake basini, macho dirishani, masikio kwa watu, pale kinyozi wa kiti cha mbele, mashine ya kunyolea mapajani, alipoanza kuichambua albamu mpya ya bendi ya roki. Mpiga gitaa wa bendi hiyo ni mume wa fundi.

"Nusu wamerekodi jukwaani, nusu kwa gitaa kavu, bila umeme," kinyozi alimwambia muuguzi aliyekaa naye, ingawa hata hawakujuana. "Hizo za gitaa kavu, dada, ni dawa. Mwanangu hulala kabla ya kiitikio."

"Na za jukwaani?"

"Zingefaa, kama si yule mwanamke. Wimbo wa tatu, gitaa halijalia sawasawa, mtu anapasua koo: 'Wangu huyo! Wangu!' Mpaka mwisho! Wangemweka kwenye jalada, maana kamshinda mwimbaji."

Muuguzi alicheka. "Mwache, kaka. Albamu nzima, ndiye pekee aliyefurahi."

Fundi alijikunyata. Alikuwa ameisifia albamu ile mtaa mzima. Sasa kituo chake kilikaribia, na dereva yule hasimami bila kelele. Alikohoa. Akagonga bati kistaarabu. Basi likazidi kukimbia.

"Shushaaa!"

Kinyozi aligeuka, mdomo wazi. "Ni yeye! Wallahi ni yeye!"

"Ndiyo mimi," fundi alisema, akikusanya vitambaa vyake huku basi likifunga breki. "Na wewe ukinyoa, baba, nani anakushangilia?"