Mbwa Wawili na Kibodi Yangu: Kumuaga Merrilyn Tatnell

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Maktaba ya Inglebrae, fundi wetu wa kompyuta, Merrilyn Tatnell, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mez. Wale waliowahi kumletea kompyuta iliyomwagiwa chai, wakaambiwa ukweli wao, wana majina mengine ya kumwita, ingawa hata hao walirudi na keki.

Nimeombwa niandike kwa kifupi na nisimwaibishe. Hilo la kifupi nitajitahidi.

Mez aliajiriwa mwaka 1996 kupanga kanda za video. Kompyuta ya kwanza ya maktaba ilipoletwa, meneja wa wakati ule aliifungia stoo akimsubiri mtaalamu kutoka mjini Hobart. Mtaalamu hakutokea. Siku moja, wakati wa chai ya saa nne, Mez alilifungua boksi, akaunganisha nyaya na kuiwasha, kisha akamalizia skoni yake, kile kimkate cha chai. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za kanda.

Kazi iliyompa sifa, hata watu wakawa wanatoka ng'ambo ya mto kumtafuta, ni ile Kona ya Michezo ya Zamani. Ilianza yenyewe. Mtu anasafisha gereji ya wazazi, anakuta diski ya mchezo alioupenda utotoni, anaiweka kwenye kompyuta mpya, na kompyuta inamkatalia katakata. Basi anakuja kwa Mez na uso wa msiba. Mara nyingi Mez aligundua kwamba mchezo wenyewe ni mzima, ila ile programu ya kuuingiza kwenye mashine ndiyo imepitwa na wakati. "Nyumba haijabomoka, mlango tu umekwama," alikuwa akisema, na anapita dirishani.

Alikuwa na sharti moja lililowaudhi wenye haraka. Hakugusa mchezo mpaka mwenyewe akae kitini amweleze ulivyokuwa: gari lilikimbia kwa kasi gani, muziki ulianzia wapi. Aliona kuufungua mchezo ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ni mwenyewe akubali kwamba ndio wenyewe. Kwenye mashine mpya yenye mbio zake, mchezo mmoja wa magari ulikuwa unakwisha kabla mchezaji hajagusa kibodi. Mwenye nao alijiona bingwa. Mez alimwambia aache kujidanganya, akaupunguza mwendo.

Sasa niwaeleze ya Jumamosi iliyopita, maana nusura mwanamke huyu aondoke kwetu na donge moyoni.

Wazee Cyril na Ivo Beswick mnawajua. Ni ndugu wa tumbo moja, mashamba yao yamepakana, na hawasemezani tangu walipogombania uzio wa marehemu baba yao. Kabla ya ugomvi ule walitengeneza pamoja mchezo wa kompyuta wa mbwa wa kuchunga kondoo. Ivo aliandika programu, Cyril akachora mbwa, wakawa wanauuza kwenye maonyesho ya kilimo ndani ya mifuko ya plastiki. Mchezaji mmoja ana mbwa mweusi, mwingine mwekundu, na anayeingiza kondoo wengi zizini ndiye mshindi. Kila mwaka, Jumamosi inayofuata baada ya kukata kondoo manyoya, wanakuja kuucheza hapa maktaba, kwa kuwa hakuna aliye tayari kukanyaga nyumbani kwa mwenzake. Ndiyo siku pekee wanayokaa benchi moja.

Mwezi Septemba kompyuta ya zamani waliyokuwa wakiichezea ilitoa moshi na kuzima moja kwa moja. Cyril alisema ikiwa ndiyo imekwisha, basi imekwisha, na akaondoka bila kuchukua kitabu alichofuata. Jioni ile Mez aliniambia hastaafu kabla mchezo ule haujachezeka kwenye mashine mpya.

Alihangaika nao majira yote ya kuchipua ya huku kwetu kusini mwa dunia. Mfumo mpya haukutaka hata kuutazama, kwa hiyo aliweka programu inayoifanya kompyuta mpya ijione ya zamani. Mchezo ukafunguka, lakini kondoo wote walikuwa zizini kufumba na kufumbua, na mbwa hata hajainuka. Akapunguza mwendo, akapunguza tena. Rangi nazo zilikuja za ajabu, kondoo wa zambarau, na hizo pia akazinyoosha. Kisha akawaita wenyewe waujaribu. Cyril alikuja Jumanne, akacheza, akasema ndio wenyewe. Ivo alikuja Alhamisi, kwa kuwa Jumanne alishasikia kaka yake atakuwepo. Naye akasema ndio wenyewe. Tulishusha pumzi sote, tukaagiza pai za kombe zenye bizari za kusherehekea.

Sote wapumbavu. Hakuna aliyefikiri kwamba mchezo wa watu wawili umejaribiwa na mtu mmoja mmoja.

Jumamosi ikafika, watu wamejaa, wazee wako benchini. Mara tu wote wawili walipoanza kubonyeza, mbwa mweusi wa Cyril akaganda katikati ya malisho.

"Umemfunga mbwa wangu," Cyril akasema, macho kwenye skrini. "Wewe ndiye uliyeandika hiki kitu."

"Mbwa wako kazeeka kama wewe," Ivo akamjibu, na papo hapo mwekundu wake naye akaganda.

Hapo kila mmoja akawa na hakika amechezewa rafu. Cyril akainuka, akachukua kofia yake, akasema safari hii hatarudi tena hata abembelezwe. Nilimwona Mez amepauka midomo, mwanamke ambaye hata printa ikishika moto hapepesi macho.

"Cyril, weka hiyo kofia chini," akasema. "Kaeni, wazee wangu. Bonyezeni wote wawili, msiachie."

Wakabonyeza. Mez hakutazama skrini. Alitazama vidole vyao, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kibodi yenyewe ndiyo ilikuwa na masikio mabovu. Ile ya zamani iliweza kusikia vidole vya watu wawili kwa pamoja, hii mpya ya bei rahisi ikibonyezwa vitufe vingi kwa mpigo inasikia vichache na kuvipuuza vingine. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Alikuja moja kwa moja kaunta kwangu, akachomoa kibodi yangu nikiwa katikati ya kumhudumia mtu, akaichomeka pembeni ya ile ya kwanza. Kila mzee akapata yake. Mbwa wote wawili wakaondoka mbio. Jamani, nilipiga makofi kama mtoto, na sikuwa peke yangu.

Ivo alishinda kwa kondoo mmoja. Cyril akadai kondoo huyo aliingia zizini baada ya muda kwisha, wakabishana hadi nje kwenye maegesho. Nilipochungulia baadaye, walikuwa bado wameegemea pikapu ya Cyril wanabishana. Nilimuuliza Mez kama hilo halimtii wasiwasi. Akasema hapana, hivyo ndivyo mchezo ule ulivyokuwa zamani.

Juzi Jumatano wazee wale walirudi kuomba marudiano. Walikuja kwa gari moja.

Mez, kwa niaba ya kaunta ya mbele, chumba cha watoto na kila aliyewahi kuingia hapa na diski mkononi akatoka anachekelea, tunakushukuru. Pumzika, mwagilia nyanya zako, na tukikupigia simu usipokee. Mola akupe afya na siku nyingi za raha. Ile kibodi yangu sijarudishiwa, na nimeshamwambia meneja aniagizie nyingine, maana hiyo haiondoki pale mezani.

Dot Haslam, kaunta ya mbele