Sanda Isiyopindwa

Sogeeni, wanangu, Nuria kuume kwangu na Naseem kushoto, wala msinikatize, kwani pumzi iliyonibakia ni fupi kuliko uzi wa kufungia kifungo.

Asubuhi hii, Nuria, uliponiwekea sanda yangu mapajani, vidole vyangu vilikutana na pindo. Umezipinda kingo zote kwa cherehani, na nilipokuuliza ukanijibu, "Baba, fundi azikwe na nguo inayochomoka nyuzi?" Mwanangu, jibu hilo ni langu, mimi ndiye niliyekufunza kuona haya mbele ya ukingo usiopindwa. Lakini sanda ya mwanamume haishonwi, na kosa lako ni kosa la fundi, asiye fundi asingelifikia.

Nawe Naseem ukacheka, ukasema, "Cherehani imemzidi dada akili." Naye akakwambia, "Nenda kapige soga na maiti zako za Basra!" Tangu hapo hamsemezani, nami nakufa katikati yenu kama kitambaa kinachovutwa huku na huku.

Sikilizeni. Ni wewe, Naseem, uliyenisomea ndani ya basi la Don Mills, theluji ikiziba vioo, jinsi wanazuoni wako wa Basra, wa zama za kati, walivyobishana juu ya kazi za mikono: wako walioziita duni kwa kuwa zinashika vumbi, na wako walionena kwamba mnyama kavikwa manyoya tangu tumboni, bali mwanadamu kazaliwa uchi ili akili imwongoze mkono wake kujisitiri. Nililia siku ile, ukadhani ni baridi. Tangu Tanga hadi hapa ugenini, Flemingdon Park, nimepunguza makoti ya watu wasiolijua jina langu, na hakuna aliyepata kuniambia kuwa sindano ni jibu la uchi wa Adamu.

Basi msiugawe urithi wangu mkisema huyu kitabu, huyu cherehani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Cherehani aichukue Nuria, vitabu avichukue Naseem, na kila Ijumaa, mkitoka kuswali, kaka amsomee dada akishona. Mkinijibu kwa Kiingereza kaburini, nitawaelewa, kama nilivyowaelewa siku zote.

Sasa ifumueni sanda. Leo, nikiwa nasikia. Nuria, usitie wembe, utajeruhi kitambaa. Inua mshono kwa ncha ya sindano. Naseem, kishike, ukikaze, usimwachie dada yako peke yake. Nilikuja duniani bila mshono, nirudi hivyo hivyo. Kusitiri kwangu kumekwisha, sasa nasitiriwa.

Naam... nausikia uzi ukitoka. Taratibu. Mola awasitiri, wanangu, kama nilivyo... awasitiri nyote wawili, msitiriane. Kaza, Naseem. Mmefika pembeni? Pembe ndiyo ngumu, hapo nilimfunza dada yako kurudia mshono mara... Mwambie, Nuria. Mwambie ageuze kitambaa.

Geuzeni... pamoja.