Adrese ya Zamani Inatosha

Kijiwe cha gereji ya Idi, mtaani Buyenzi, ni benchi moja na birika la kahawa ambalo Zubeda, muuza kahawa, hulijaza kabla wazee hawajaanza kulalamika. Alhamisi hiyo Ilias alikaa pale roho juu. Ndiye aliyetengeneza huduma ya kuulizia vipuri kwa kompyuta, na ndiye aliyeandika faili inayozieleza programu za wateja ziulize nini, zitajibiwaje na, kwenye mstari wa mwisho, ziulizie anwani gani. Jumatatu, gereji ilipohamia hapa kutoka avenyu ya tano, kompyuta ya zamani ilizimwa na huduma ikapelekwa kwenye mashine ya kukodi. Ule mstari wa mwisho haukuguswa; bado ulielekeza kwenye kompyuta ya zamani. Sasa Madamu Consolate wa Kiriri, mtaa wa mlimani, mteja wao mkubwa, alikuwa anauliza vipuri na hapati jibu. Alikuwa ametoa muda: ikifika saa kumi bila jibu, mkataba umekufa.

— Muzee Idi, mi naona tubadilishe ile adrese tu, alisema Ilias. Ni dakika mbili.

— Ya nini? alinguruma Idi, bosi wake, ambaye kijiweni huitwa Kabureta. Mi nimehama mara ine humu Buyenzi. Nani alipotea? Mutu anakuja kwa mulango ya zamani, anauliza, wanamuleta.

— Tena wanamubebea na muzigo, alidakia Hyacinthe, karani mstaafu wa ofisi za serikali za Kigobe, ambaye kijiwe kimempandisha cheo kikamwita Minisitiri. Shida iko Kiriri. Kule juu watu hawasalimiane. Programu yao imekuja, haikupiga hodi, imerudi.

— Programu haipigi hodi, Minisitiri, alisema Ilias.

— Unaona sasa! Ndiyo maana haijibiwe.

Dawa Ilias aliijua tangu Jumatatu, lakini kumbishia mbele ya watu mzee aliyemfundisha kazi hakuweza, na kwa hilo alijichukia.

— Ao ni ile mulima, aliwaza Kabureta kwa sauti. Jibu linapanda mpaka Kiriri, linachoka njiani.

— Apana, bwana, ni kashe, ile muhuri! alisema Minisitiri. Kwa biro yetu ya serikali, barua bila kashe ililala mwaka muzima. Tuigonge ile faili kashe ya bluu.

— Iko ndani ya kompyuta, Muzee! alisema Ilias.

— Bon, tuichapishe kwanza.

Saa kumi kasorobo akatokea Nella, katibu wa Madamu Consolate, viatu vimejaa vumbi.

— Nimeenda avenyu ya tano, nimekuta mumefunga. Mama moja wa vitumbua amenileta mpaka hapa.

Kabureta alijipiga paja kwa furaha.

— Minisitiri, umesikia? Si nilisema!

— Aksanti, muzee, mi nimeletwa, alisema Nella. Na programu yetu, ikifika kule kwa zamani, imuulize nani?

Kabureta alichungulia kikombe chake. Minisitiri akakumbuka kwamba kola yake haijakaa vizuri. Ilias alikuwa na jibu mdomoni. Akamtazama bosi wake kuomba ruhusa, na ruhusa haikuja. Nella naye alisubiri, tena kwa subira, mpaka simu yake ikaonyesha saa kumi. Akawaaga wazee kwa heshima zote, akashika njia ya Kiriri.