Filimbi ya Jumapili: Maisha ya Dada Yetu, Mpiga Pasi na Mwandishi

Filimbi iliyo mezani hapo mbele, karibu na picha ya marehemu, haikusahauliwa na mtoto. Imewekwa makusudi, na naomba mtu asiiondoe. Tutaifikia.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho, yule fundi bomba. Familia ilikaa kikao ikaamua nisome wasifu wa dada kwa sababu nina sauti kubwa. Kusoma naweza. Kuandika ndiko kulikonishinda. Kila nilipoandika "Marehemu alizaliwa", machozi yalinitangulia, nikakwama hapo hapo. Mwisho nikakumbuka alichoniambia akiwa hospitali: "Wakikupa kazi ya kuandika habari zangu, usianzie nilipozaliwa, utakwama. Anza na filimbi." Alinijua, jamani. Basi nimeanza na filimbi, na sasa naweza kusema alizaliwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Sisi wadogo zake wote tulipita mgongoni kwake. Kwa kuwa nyundo za karakana hazikutulia mchana kutwa, alitubembeleza kwa hadithi zilizosimuliwa kwa kupiga kelele, na hadi leo mimi siwezi kulala penye ukimya.

Shule ya msingi aliisoma vizuri, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1976. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa insha, na ndilo lililomwaibisha. Siku moja mwalimu aliliambia darasa, "Leo andikeni chochote mnachotaka." Wenzake wakainama kuandika. Dada akaitazama dari kipindi kizima, akakabidhi karatasi tupu yenye jina lake na mstari mzuri chini ya jina. Alipewa adhabu ya kufagia uwanja. Akiwa na ufagio mkononi aliapa kwamba ataandika riwaya, tena nene, na habari za riwaya hiyo tulizisikia miaka na miaka. Jina ilikuwa nalo. Picha ya jalada ilikuwa nayo. Ilichokosa ni ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1977 aliajiriwa kupiga pasi kwenye duka la dobi barabara ya stesheni, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu. Wengi wenu mmevaa mashati yaliyopita mikononi mwake. Meza yake ilikuwa dirishani, mvuke ukimpanda usoni, vikaratasi vya namba vimebanwa kwenye kila kola. Siku moja alikuwa akifunga suti ya mteja kwa gazeti akaona tangazo la shindano la hadithi fupi: isizidi maneno elfu moja, ianze na mlango uliofungwa kwa ndani, ipokelewe si zaidi ya Ijumaa.

"Nani amefunga?" dada akauliza kwa sauti.

"Nani amefunga nini?" bosi wake akashtuka.

"Mlango."

"Mlango uko wazi, mama. Wateja wanaingia. Piga pasi."

Alipiga pasi, lakini kichwani alikuwa ameshamwona aliyejifungia, na kabla ya duka kufungwa alijua kwa nini mtu yule hataki kutoka. Ijumaa hadithi ilipelekwa. Haikushinda kitu. Dada alifurahi utadhani ameshinda, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameandika neno "mwisho" chini ya kitu chake mwenyewe.

Mimi niliona ni mchezo wa watoto. Nikamwambia, "Dada, yaani mtu mwingine akuchagulie cha kuandika? Hiyo si insha ya shule?"

Akaniuliza, "Mteja akikuambia bomba linalovuja liko jikoni, huwa unalalamika kwamba amekuchagulia bomba?"

Kisha akanieleza taratibu. "Ukiniambia chochote, dunia nzima inanijia kwa pamoja, nashindwa nianze na nani. Ukiniambia mlango, namwona mtu mmoja." Tangu hapo hakuliacha shindano lolote limpite, la gazeti, la redio, la maktaba. Ile sentensi au kitu unachopewa uanzie hapo alikiita kianzio, na ndiyo asili ya jina lake la mtaani, Mama Kianzio. Dada alikuwa mtu wa kukusimulia safari ya dukani kuanzia alipovaa viatu. Maneno elfu moja yalimfundisha kukata. Tarehe ya mwisho ilimfundisha kuachia kazi iende, hata kama kuna sentensi bado inamkera. Alishinda mara moja tu, nafasi ya tatu, akapewa chupa ya chai. Ilivuja, na aliipenda hivyo hivyo.

Mashindano ya nje yakawa hayamtoshi, akaanzisha lake nyumbani. Kila Jumapili jioni aliweka kitu katikati ya meza, kila mtu akaandika, kisha tukasomeana. Vitu hivyo, Mungu amsamehe, alivipata kwenye mifuko ya nguo za wateja. Kitana kilichokatika, ufunguo, kifungo cha koti. Jumamosi anaviazima bila mwenyewe kujua, Jumatatu vinarudi mfukoni. Isipokuwa wiki moja alipochanganya siku, na filimbi ikabaki kwenye pochi yake.

Mwenye filimbi alikuwa refa. Aliingia dukani amevimba kwa hasira. "Mama, nimechezesha mechi nzima kwa kupiga miluzi ya mdomo! Wachezaji wananicheka, mashabiki wananicheka, mpira umetoka nje hakuna aliyesimama!" Dada, badala ya kuomba radhi kama watu wengine, akamwambia filimbi yake imeandikiwa hadithi nzuri sana, aketi asomewe. Akaketi. Aliposomewa, akauliza Jumapili ijayo mezani kutakuwa na nini.

Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1984. Filimbi ikahamia nyumbani na kupewa kazi. Tukishaketi, shemeji alipuliza mara moja, kwa kifupi, na hapo ndipo kalamu zilipogusa karatasi. Ukianza kabla, alikuonyesha kadi ya njano.

Mwaka 1986 walipata binti. Homa ilimchukua kabla hajajifunza kutembea. Sina namna ya kulisema hili kwa wepesi. Dada alirudi kazini, akapiga pasi, akapika, lakini jina la mtoto halikutajwa tena katika nyumba ile. Shemeji hakulitaja kwa kumwogopa dada, dada hakulitaja kwa kumwogopa shemeji, na sisi tuliwaogopa wote wawili. Jumapili zikafa. Filimbi ikakaa kabatini. Ukiwatembelea mnaongea habari za hali ya hewa mpaka chai inaisha.

Ikaenda hivyo miaka, mpaka redio ilipotangaza shindano lenye kianzio hiki: kiti kimoja kimebaki. Dada alipanga kuchekesha. Alitaka kuandika habari za harusi ambayo viti havikutosha, na alianza hivyo, shangazi wa bwana harusi kakalia ndoo. Kufika katikati, kiti kilichobaki kikawa kidogo, kirefu cha miguu, cha mtoto kulia chakula. Akaendelea. Jumapili ile alimwomba shemeji atoe filimbi, nasi tukaitwa. Akasoma. Jina la mtoto lilipotoka kinywani mwake, shemeji alilia mbele yetu, mwanamume mzima, akalirudia jina lile mara kadhaa. Usiku waliongea mpaka sauti zikawakauka. Dada mwenyewe ndiye aliyenieleza.

Hadithi ile nayo haikushinda. Nilimuuliza aliwezaje. Akasema, "Sikuketi kuandika habari za mwanangu. Ningeketi kwa hilo nisingeandika hata herufi. Niliketi kuandika habari za kiti." Mimi ndipo nilipoacha kumcheka, na Jumapili iliyofuata nikaja na kalamu yangu.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara ya mwisho mwezi Mei mwaka huu, na kwa wiki moja wodi nzima ilikuwa na shindano kuhusu dirisha lisilofungika vizuri. Wasioweza kushika kalamu walisema, yeye akawaandikia. Muuguzi alimgombeza, "Mama, wagonjwa wanatakiwa kupumzika, wewe unawapa kazi ya shule!" Dada akamjibu, "Wamepumzika vya kutosha, sista. Ya kwako iko wapi?" Muuguzi huyo yupo hapa leo, na ya kwake aliileta. Dada alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Juni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Riwaya hakuiandika. Hadithi zake zimejaza sanduku zima na nyingine ziko chini ya kitanda.

Amemfuata binti yake wa kwanza aliyemtangulia. Ameacha mume, refa mstaafu. Binti wa pili, dereva wa gari la wagonjwa, pamoja na mkwe na wajukuu wawili. Sisi wadogo zake. Wenzake wa dukani. Na meza yenye viti ambavyo kila Jumapili vilikuwa vinajaa.

Kaburi likishafunikwa, shemeji atapuliza filimbi mara moja, kwa kifupi. Wapenzi wa mpira msije mkadhani ni ya kumaliza mchezo. Hiyo hupulizwa kwa kirefu, na dada aliikataa kwa mdomo wake. Hii ni ile ya mezani. Maana yake ni moja tu: shikeni kalamu, anzeni.

Pumzika kwa amani, dada. Tumesikia.