Nukta ya Mwezi wa Sita

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi walimu mliofunga madarasa leo, historia ya marehemu inasomwa na mdogo wake, fundi cherehani, wa tumbo moja na yeye, ambaye ameombwa na familia aseme kila kitu kwa tarehe zake, naye amekubali, ila kuna jambo ambalo hata familia italisikia leo kwa mara ya kwanza pamoja nanyi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa karani wa stoo na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na mdogo wake akamfuata miaka sita baadaye, akabebwa mgongoni na dada huyo mpaka akawa mzito, na alipokuwa mzito bado akadai abebwe. Alianza shule ya msingi Januari 1973, akaingia sekondari mwaka 1980, msichana pekee katika mkondo wa hesabu, wavulana wakimcheka hadi matokeo ya kwanza yalipobandikwa ukutani, na baada ya hapo wakawa wanamwomba daftari. Alisoma chuo cha ualimu kuanzia 1984 hadi 1986, na tarehe 1 Julai mwaka huo akaajiriwa katika sekondari ya kutwa, ambako alifundisha miaka thelathini na saba.

Wanafunzi walimwita Mama Nukta, kwa sababu aliwapanga watoto arobaini, akaandika kila mmoja amelala kwa saa ngapi na amepata alama ngapi, akaweka nukta moja kwa kila kichwa, hadi karatasi ikaonekana kama mtama uliomwagika mkekani, kisha akachukua uzi mweusi, aliokuwa akiuchomoa kwenye cherehani ya mdogo wake bila kuomba, akaubana kwa pini mbili, akausogeza juu na chini mpaka nukta zilizobaki juu yake zikalingana na zilizobaki chini, akasema huo ndio mstari, unaonyesha mambo yanaelekea wapi, haumpendelei mtu. Nukta ikikaa mbali na wenzake, aliwaambia, msiifute, iulizeni imeona nini, na mwanafunzi aliyekutwa amefuta nukta ili mstari wake upendeze alipewa sifuri, hata mzazi aje kulia ofisini.

Tarehe 20 Desemba 1991 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole aliyefariki Agosti 2015, na wakajaliwa mtoto mmoja tu, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1995, ambaye amekaa hapa mbele yetu, na wote mnaona hali aliyonayo.

Tarehe 7 Februari 2022 vipimo vilionyesha figo zinachoka, kipimo cha taka kwenye damu kikiwa mia moja na tisini, na daktari akasema kikifika mia nne itabidi damu isafishwe kwa mashine. Marehemu alirudi nyumbani, akabandika karatasi ya grafu kando ya kabati, akaweka nukta ya kwanza, na kila mwezi akaongeza moja, nyingine juu kidogo ya uzi, nyingine chini kidogo, zote zikipanda taratibu, kama tisa kwa mwezi. Machi 2023 damu ya binti ilionekana kufanana na ya mama, upasuaji wa kumpa figo ukapangwa mwezi wa sita, lakini tarehe 4 Mei binti akagundua ni mjamzito, na mjamzito hapasuliwi kutolewa figo. Alimpigia mama yake akilia, akasema mimba nyingine atapata, mama mwingine hatapata, na mama akamwambia anyamaze, uzi unaonyesha mia nne itafika mwisho wa Januari, na mtoto atakuwa ameshazaliwa.

Tarehe 12 Juni mdogo wake alimsindikiza kliniki, kipimo kikatoka mia nne hamsini na tano, daktari akasema mashine ianze wiki hiyohiyo, na marehemu akaomba kwanza aende nyumbani kujipanga. Alipofika aliweka nukta ile mahali pake, juu kabisa, peke yake, akaitazama hadi chai ikapoa, kisha akachukua ufutio akaifuta, akaweka nyingine chini, karibu na uzi, maana binti alikuwa anakuja Jumamosi na angeiona. Mdogo wake alisimama mlangoni, akaona yote, akaapishwa asimwambie mtu, kwa jina la mama yao aliyewazaa, akaapa. Marehemu hakurudi tena kliniki, maana mashine isingefichika kwa binti, akamwambia daktari kwa simu kwamba amehamia hospitali nyingine, na nukta za Julai, Agosti na Septemba alizitoa kichwani, huku miguu imevimba na viatu havimwingii.

Tarehe 23 Oktoba mwalimu wa fizikia alikuja kumjulia hali, akasimama mbele ya karatasi ile, akamwambia taratibu kwamba hizi za mwisho zimepikwa, nukta za kweli hazikai foleni hivi. Alimpeleka hospitali siku hiyohiyo, mashine ikaanza, lakini moyo ulikuwa umeelemewa kwa muda mrefu, na Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa tisa alasiri, ukasimama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakufichwa ugonjwa bali walifichwa mgonjwa, majirani mliobeba maji na viti, walimu wenzake, na mwalimu wa fizikia aliyesema alichokiona.

Binti yetu, tangu juzi unasema tumbo lako lilipokua ndipo mama alipokwisha, kwa hiyo wewe ndiye uliyemuua, na mama yako alikuwa akiwaambia watoto kwamba wenye viatu vikubwa husoma vizuri zaidi, lakini si viatu vinavyosoma, ni umri, hivyo vitu viwili kupanda pamoja hakufanyi kimoja kiwe kimeleta kingine, ugonjwa huu ulianza wewe hujapata mimba. Kila Jumapili ulipiga simu ukauliza, mama mdogo, nukta imekaa wapi, na mama mdogo akajibu imekaa palepale, usihangaike. Mama mdogo hana la kujitetea, alishika kiapo mpaka dada akaisha, na mbele ya watu hawa wote anakujibu swali lako kwa ukweli, kwamba ya mwezi wa sita ilikuwa mia nne hamsini na tano, na hizo nyingine hakuna aliyezipima.

Dada, pumzika kwa amani hiyo uliyotaka binti yako awe nayo, sisi tumebaki bila yetu.